Krismasi ya Mikono Yetu: Namna ya Kuandaa Sherehe na Mapambo ya Sikukuu Katikati ya Jiji



Kila inapofika robo ya mwisho ya mwaka, sisi tunaoratibu miradi hupokea maswali yanayofanana kutoka sharika za katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tufanye sherehe ya watoto au tusifanye? Mapambo yanunuliwe kwa fedha gani? Mfadhili akiuliza fedha zilikwendaje, tumwonyeshe nini? Katika toleo hili tumeona vema kuyajibu maswali hayo pamoja, hatua kwa hatua, ili kila kamati iweze kupanga mapema na kwa gharama inayobebeka.

Msimamo wetu tunautaja mwanzoni. Sherehe ya Krismasi katika usharika wa mjini ni sehemu ya huduma ya diakonia. Kwa sababu hiyo inastahili mpango, bajeti na taarifa kama huduma nyingine yoyote, na inaweza kufanyika kwa vitu vinavyopatikana hapahapa, vikitengenezwa kwa mikono ya washarika wenyewe.

Ni akina nani wanaobaki mjini?

Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yaendayo Moshi, Arusha na mikoa mingine hujaa, na waumini wengi wenye kipato huenda kula sikukuu nyumbani kwao. Viti vya mbele kanisani huwa wazi. Kamati nyingine huona hali hiyo na kuamua kwamba hakuna haja ya kuandaa lolote, kwa kuwa "watu wameondoka".

Walioondoka ni wale wenye nauli. Wanaobaki ni wabeba mizigo na wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, mama lishe, walinzi wa maduka, wasaidizi wa kazi za nyumbani, wajane wanaoishi katika vyumba vya kupanga, na watoto wa hao wote. Wapo pia wagonjwa waliotoka mikoani kwa ajili ya matibabu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, pamoja na ndugu wanaowauguza, ambao hukaa jijini kwa majuma kadhaa bila jamaa wa karibu. Hawa ndio walengwa wa sherehe tunayoizungumzia. Luka 14:12–14 inatuelekeza waziwazi nani wa kumwalika tunapoandaa karamu.

Lipo pia suala la usalama wa watoto. Mtoto ambaye hakupangiwa mahali pa kwenda siku ya sikukuu hujitafutia mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Tangu wakati huo Jeshi la Polisi limekuwa likitoa tahadhari juu ya kumbi za namna hiyo sikukuu zinapokaribia, na kuwakumbusha wazazi wasiwaache watoto waende ufukweni peke yao. Usharika wenye ukumbi, mlango uliofunguliwa vizuri na wazee wanaosimamia unatoa kitu ambacho mzazi anayefanya kazi siku ya sikukuu anakihitaji sana.

Kikwazo kimoja hutokea mara nyingi, na kamati zisikipuuze. Watoto wengi hawaji kwenye sherehe kwa sababu hawana nguo mpya za sikukuu, au kwa sababu waliambiwa walete mchango wakakosa. Mama hatasema hivyo mbele ya mwinjilisti. Atasema mtoto anaumwa. Tunashauri mambo mawili. Kwanza, mtoto asitozwe kitu chochote. Pili, tangazo la sherehe liseme watoto waje na sare za shule au nguo zao za kawaida, na watoto wa wazee wa kanisa wawe wa kwanza kufanya hivyo.

Ratiba ya maandalizi

Sherehe nzuri huanza mwezi Oktoba. Ratiba ifuatayo inafaa kwa usharika wenye watoto 80 na watu wazima 40, na kila kamati inaweza kuirekebisha kulingana na idadi yake.

Oktoba, juma la pili: Baraza la Wazee liteue kamati ndogo ya watu saba: mzee mmoja wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, wawakilishi wawili wa umoja wa wanawake, kijana mmoja, mwana-kwaya mmoja na mtunza hazina. Kamati kubwa kuliko hiyo huishia kwenye vikao.

Oktoba, juma la nne: Viongozi wa jumuiya wapite nyumba kwa nyumba kuandika majina ya watakaobaki mjini. Orodha hii ndiyo msingi wa bajeti. Bila orodha, chakula hupungua au hutupwa.

Novemba: Kukusanya malighafi za mapambo na kuanza kuyatengeneza kila Jumamosi mchana. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, hivyo taji la Majilio liwe tayari kabla ya hapo.

Desemba, tarehe 1 hadi 12: Manunuzi yote ya vitu visivyooza.

Desemba, tarehe 13 hadi 23: Kupamba kanisa na ukumbi, na kumjulisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa barua.

Desemba, tarehe 26: Sherehe yenyewe. Tunapendekeza tarehe hii kwa sababu ni siku ya mapumziko kitaifa, na kwaya na wachungaji wamekwisha maliza ibada za mkesha na za tarehe 25. Muda unaofaa ni saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ili kila mtoto afike kwao jua likiwa bado liko juu.

Januari, juma la pili: Taarifa ya mapato na matumizi.

Mapambo: asili yake ni mikononi

Wapo wanaodhani kwamba mapambo ya Krismasi ni lazima yatoke dukani. Historia inaonyesha vingine. Hori la kwanza lenye watu na wanyama halisi lilipangwa na Fransisko wa Asizi katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223, ili wanakijiji waone kwa macho yao umaskini ambamo Mwokozi alizaliwa. Nyota ya karatasi yenye pembe nyingi ilianzia katika shule ya Wamoraviani huko Niesky, Ujerumani, katika karne ya 19, ikiwa kazi ya darasa la hesabu. Taji la Majilio tunalowasha makanisani lina asili ya kidiakonia kabisa: mwaka 1839 mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, aliyekuwa akiwalea watoto maskini katika makao yaitwayo Rauhes Haus, alichukua gurudumu la mkokoteni na kupanga juu yake mishumaa midogo ya siku za juma na mishumaa minne mikubwa ya Jumapili, kwa kuwa watoto walikuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini.

Leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi yauzwayo duniani hutoka mji mmoja wa China, Yiwu, nayo ndiyo tunayoyaona yakining'inia kwenye maduka ya Kariakoo. Hatusemi ni dhambi kuyanunua. Tunasema tu kwamba fedha hiyo hutoka usharikani bila kurudi, na kwamba mapambo hayo mengi hayavuki mwaka wa pili. Fedha hiyohiyo inaweza kumlipa fundi cherehani mjane aliye katika jumuiya yetu, na mtoto aliyesuka nyota kwa mkono wake huitazama nyota hiyo kwa namna nyingine.

Malighafi zifuatazo hupatikana jijini kwa bei ndogo au bure:

Makuti mabichi ya mnazi na migomba, kwa ajili ya tao la mlangoni. Haya ni mapambo ya Pwani ya tangu zamani, na kila mzee wa hapa anajua kuyasuka. Yakatwe siku moja kabla ya sherehe, kwani jua la Desemba huyakausha haraka.

Maua ya mkrismasi. Mti huu huchanua maua mekundu Novemba na Desemba kandokando ya barabara nyingi za jiji, na ndiyo maana umepewa jina hilo. Maua yaliyodondoka yanatosha, matawi yasivunjwe.

Matawi ya mvinje, badala ya ule mti wa plastiki. Tawi moja kubwa likisimikwa kwenye ndoo ya mchanga hukaa juma zima bila kupukutika sana.

Ukindu uliotiwa rangi, kwa ajili ya taji la Majilio na vikapu vidogo.

Mabaki ya vitenge, ambayo mafundi cherehani huyatupa au kuyauza kwa bei ndogo.

Chupa tupu za maji. Kitako cha chupa kikikatwa na kupakwa rangi huwa ua lenye petali tano.

Kanga. Jozi za kanga zikitandazwa ukutani hupendeza kuliko kitambaa chochote cha mapambo, na baada ya sherehe hufuliwa na kugawiwa kwa wajane na wagonjwa. Kwa hiyo gharama moja hufanya kazi mbili. Tahadhari yetu ni moja tu: someni jina la kanga kabla ya kulipa, kwani kanga yenye kijembe ikitundikwa karibu na madhabahu itazungumzwa hadi Pasaka.

Namna ya kutengeneza nyota. Chukueni njiti tano zilizonyooka za uti wa kuti, kila moja sentimita 40. Zipangeni juu ya meza kwa umbo la nyota ya pembe tano, kama mtoto anavyoichora bila kuinua kalamu. Fungeni kwa uzi pembe zote tano, kisha sehemu tano ambapo njiti zinapishana. Tengenezeni nyota ya pili ya kipimo kilekile. Ziwekeni pamoja, mfunge pembe zake tano, kisha muingize vijiti vitano vya sentimita 8 kati ya nyota hizo mbili mahali njiti zinapopishana, ili nyota itune katikati. Funikeni kwa karatasi za rangi au magazeti ya zamani yaliyopakwa rangi. Gundi ni ya nyumbani: kikombe kimoja cha unga wa ngano au muhogo kwa vikombe vinne vya maji, ikorogwe motoni hadi iwe nzito, kisha ipoe. Watoto wawili wenye miaka kumi wakisimamiwa na mwalimu humaliza nyota moja kwa mchana mmoja.

Namna ya kutengeneza vibendera. Kateni mabaki ya vitenge kwa umbo la pembetatu, kitako sentimita 20 na urefu sentimita 25. Shoneni kwenye kamba mkiacha sentimita 5 kati ya kibendera na kibendera. Kamba ya mita 10 huchukua vibendera 40. Kamba sita hutosha ukumbi wa kawaida, na zikihifadhiwa kwenye sanduku kavu hutumika miaka mingi, hata kwenye Kipaimara na Sikukuu ya Mavuno.

Mifuko ya zawadi iwe pambo pia. Umoja wa wanawake washone mifuko 80 ya kitambaa, kila mmoja ukiwa na namba. Mifuko hiyo itundikwe kwenye kamba ukumbini katika kipindi chote cha Majilio, na siku ya sherehe kila mtoto achukue mfuko wake. Ikumbukwe kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, hivyo mfuko wa kitambaa unaendelea kumsaidia mzazi sokoni.

Zawadi inayofika hadi Januari

Krismasi ya familia maskini hufuatiwa na Januari, mwezi wa kufungua shule. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, ikaongeza kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hata hivyo sare, viatu na madaftari vimebaki kuwa wajibu wa mzazi. Usharika unaotumia fedha zote Desemba kwa wanasesere na pipi huwaacha wazazi walewale wakihangaika majuma mawili baadaye.

Tunashauri kila mfuko uwe na madaftari matano, kalamu mbili, penseli moja na kifuko kidogo cha kashata au bisi zilizotengenezwa na akina mama. Kwa watoto 80 hayo ni madaftari 400, kalamu 160 na penseli 80. Mzigo huo unanunuliwa kwa bei ya jumla, na ukinunuliwa mapema Desemba unaepuka msongamano wa wazazi wa Januari.

Kununua Kariakoo kwa busara

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi eneo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo maarufu la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Lakini kwa mnunuzi, Kariakoo ni mitaa yote inayolizunguka soko hilo, ukiwemo Mtaa wa Sikukuu wenyewe. Kamati ikiingia bila orodha hutoka na vitu vingi na fedha kidogo.

Kanga na vitenge vitafutwe maduka ya Mtaa wa Uhuru. Nguo na vifaa vidogo vipo Mtaa wa Congo na mitaa ya jirani. Vyuma, kama mafiga ya kuwekea sufuria kubwa, hutengenezwa na wachomeleaji wa Gerezani. Ndizi kwa wingi zipo Mabibo, na matunda mengine Ilala. Viungo na vyakula vikavu vinapatikana Kariakoo yenyewe.

Hatuchapishi bei hapa kwa makusudi, kwani bei ya Kariakoo ya tarehe 5 Desemba siyo bei ya tarehe 22. Badala yake tunashauri yafuatayo:

1. Watu wawili wapite siku ya kwanza kuuliza bei katika maduka matatu bila kununua, waandike. Siku ya pili wakanunue.

2. Sharika mbili au tatu za jirani ziunganishe orodha zao. Katoni nzima ya madaftari ina bei tofauti na madaftari mia.

3. Waende asubuhi, siku ya kazi, kabla ya saa 4. Jumamosi za Desemba si siku za kununua.

4. Wadai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila duka linalopaswa kuitoa. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na mashine, itumike hati ya malipo yenye jina la kitu, kiasi, tarehe na sahihi za wanunuzi wote wawili.

5. Fedha zigawanywe kwa watu wawili, na mzigo mkubwa upakiwe kwenye guta moja kwa moja hadi kanisani, mjumbe mmoja akiusindikiza.

Chakula cha watu 120

Pilau ndiyo inayotarajiwa, na ikipimwa vizuri haina hasara. Kwa watoto 80 tunahesabu gramu 100 za mchele kila mmoja, yaani kilo 8. Kwa watu wazima 40 gramu 200, yaani kilo 8. Ongezeni kilo 2 kwa wageni wasioandikwa, kwa kuwa hakuna anayefukuzwa. Jumla ni kilo 18. Nyama kilo 14, viazi mviringo kilo 6, vitunguu maji kilo 4, mafuta lita 2 na nusu, tangawizi na vitunguu saumu robo kilo kila kimoja, pamoja na viungo vya pilau. Kwa kachumbari, nyanya kilo 6 na vitunguu kilo 2. Tikitimaji 12 zikikatwa vipande 12 kila moja zinatoa vipande 144.

Juisi ya ukwaju au ubuyu ya nyumbani inafaa kuliko soda, na chupa tupu hazibaki uwanjani. Kwa vikombe viwili kila mtu andaeni lita 50. Maji ya juisi na ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa kubwa zilizofungwa. Jiji letu limewahi kupata milipuko ya kipindupindu katika majira ya mvua, hivyo ndoo ya maji yenye bomba na sabuni iwekwe mlangoni pa ukumbi, na kachumbari ikatwe mwisho kabisa, saa moja kabla ya kula.

Keki si lazima itoke kwenye duka la keki. Keki ya kuoka kwa mkaa, sufuria ikiwekwa juu ya mchanga wa moto na makaa juu ya mfuniko, inajulikana na akina mama wengi. Keki sita za namna hiyo hutosha kwa watoto wote.

Jambo la mwisho kuhusu chakula linahusu majirani. Tunaishi na Waislamu nyumba kwa nyumba, nao hutuletea sahani zao za Idd. Ni desturi njema ya nchi yetu kwamba mnyama wa shughuli achinjwe na Mwislamu, ili kila mwalikwa ale bila wasiwasi. Kamati iendeleze desturi hiyo, na iwatengee majirani sahani zao kabla ya kugawa. Vilevile vipaza sauti vizimwe wakati wa adhana. Siku ya 26 ikiwa Ijumaa, michezo yenye kelele ipangwe nje ya saa za swala ya adhuhuri. Amani ya mtaa hujengwa kwa mambo madogo ya namna hii.

Usalama na hali ya hewa

Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliteketeza Soko Kuu la Kariakoo. Majengo ya katikati ya jiji yamebanana, na moto wa ukumbi mmoja ni moto wa mtaa mzima. Kwa hiyo:

Mishumaa ya taji la Majilio isimikwe kwenye sinia la mchanga, iwashwe wakati wa ibada tu, na mtu mzima mmoja akabidhiwe kuizima. Katika joto la Desemba mishumaa hulegea na kupinda, hivyo isikae karibu na ukindu wala karatasi.

Ndani ya nyota za karatasi isiwekwe mishumaa kabisa. Taa ndogo za betri au za sola zinatosha.

Waya za taa za rangi zikaguliwe na fundi umeme. Taa zote zisichomekwe kwenye soketi moja.

Milango yote ya ukumbi iwe wazi, bila viti wala meza mbele yake. Watoto waingie kwa idadi ambayo ukumbi unaimudu. Wakizidi, nusu wacheze uwanjani na nusu wale, kisha wabadilishane.

Kila mtoto aandikwe jina na namba ya simu ya mzazi anapoingia, afungwe utepe wa kitambaa mkononi wenye rangi ya jumuiya yake, na asiruhusiwe kutoka bila mtu aliyemleta au kiongozi wa jumuiya yake.

Jiko liwe nje, lizungushiwe kamba, na ndoo mbili za mchanga ziwepo.

Desemba ni mwezi wa vuli pia. Mvua zilizoanza tarehe 20 Desemba 2011 ziliua watu takriban 40 jijini na kuwafanya wakazi wengi wa bonde la Msimbazi na Jangwani wakose makazi siku chache kabla ya Krismasi. Kamati iwe na mpango wa pili: nani atafungua kanisa mvua ikinyesha, na chakula kitagawiwaje endapo familia za mabondeni zitahitaji hifadhi. Usharika wenye sufuria, mchele na orodha ya majina tayari unaweza kuwahudumia waliokumbwa na mafuriko siku hiyohiyo.

Bajeti, michango na taarifa

Bajeti igawanywe katika mafungu manne: chakula, mifuko ya zawadi, mapambo, na akiba ya dharura. Kama kanuni, fungu la mapambo lisizidi sehemu moja ya kumi ya bajeti nzima, na fungu la zawadi za shule lisiwe dogo kuliko la chakula kwa zaidi ya nusu. Akiba ya dharura isiyotumika iingizwe kwenye mfuko wa sare za Januari.

Mchango wa kazi uandikwe kama mchango wa fedha unavyoandikwa. Mama aliyeshona mifuko kumi, kijana aliyepanda juu kufunga kamba, na mzee aliyesuka makuti wote waingie kwenye taarifa. Mara nyingi ndiyo mchango mkubwa kuliko wote, na mfadhili anayo haki ya kuuona. Tunaomba pia majina na viwango vya wachangiaji visisomwe kanisani kwa kulinganishwa. Asiye na uwezo asijisikie mgeni katika nyumba ya Baba yake.

Kwa wafadhili wetu wa ndani na nje tuna maombi matatu. Kwanza, msaada ukifika kabla ya mwisho wa Oktoba una nguvu kubwa zaidi kuliko ukifika Desemba, kwa sababu tulizozieleza. Pili, fedha inafaa kuliko mzigo wa vitu, kwani mzigo unaopitia bandarini hulipiwa gharama nyingi na huweza kufika sikukuu imekwisha, wakati fedha hununua bidhaa hapa na kumlipa fundi wa hapa. Tatu, picha. Tunajua mnapenda kuona matunda ya sadaka zenu. Tutawatumia picha za mapambo, za meza na za kazi inavyofanyika, na za watoto ambao wazazi wao wameridhia. Hatutampanga mtoto mbele ya kamera akipokea zawadi kwa jina lake na shida zake. Atakutana na wenzake shuleni Januari, na hatupendi picha hiyo imtangulie.

Taarifa iwe ya kurasa mbili: orodha ya waliohudumiwa kwa idadi, mapato, matumizi pamoja na risiti, mchango wa kazi, na mambo ya kurekebisha mwaka ujao. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa usharika kabla ya kutumwa kwetu. Washarika ndio wafadhili wa kwanza.

Kamati zitakazohitaji mfano wa fomu ya orodha na hati ya malipo zitazipata kupitia ofisi za majimbo. Tunawaomba kamati ndogo ziundwe ndani ya mwezi huu na orodha za watakaobaki mjini zianze kuandikwa sasa, wakati viongozi wa jumuiya bado wapo na hawajakata tiketi za kusafiri.